Saa nne asubuhi, mpunga unapofungua maua: siku moja maishani mwangu

Nikisema ninafanya kazi kituo cha utafiti wa mpunga, mkoani Morogoro, watu hufikiria koti jeupe na kiyoyozi. Wanaonikuta shambani hufikiria kinyume chake. Mama yangu mdogo huwaambia majirani kwamba nilisomeshwa stashahada nikaishia kulima mpunga wa serikali. Basi hii hapa Jumanne moja ya mwezi Mei, kama ilivyokwenda.

Saa kumi na moja alfajiri: chai ya rangi, kiporo cha wali, buti, kanga kiunoni, safari.

Saa kumi na mbili nafika shambani, na mama wa kuamia ndege amenitangulia. Yuko juu ya dungu, kombeo mkononi, makopo yamefungwa kamba mpaka mwisho wa shamba. Kwa mkulima, kweleakwelea wakila debe, amepoteza debe. Kwangu mimi ploti moja ina mistari mitatu tu, na pengine ndiyo mbegu yote tuliyo nayo ya aina ile. Kundi likitua dakika chache kwenye zile zilizowahi kukomaa, aina nzima imekwenda. Shikamoo yangu ya kwanza kila siku ni ya huyu mama, na naitoa kwa moyo wote.

Mpaka saa tatu ni kupima kimo, kuhesabu machipukizi, kuandika siku ambayo kila ploti imetoa masuke, na kukata vipande vya majani machanga kwa ajili ya vipimo vya vinasaba. Naandika kwa penseli, maana wino hauvumilii umande.

Mpunga wetu ni wa mlimani, ule unaopandwa kwenye miteremko bila majaruba, unaotegemea mvua na kilicho ardhini. Katika shamba letu aina moja inanifika kifuani, jirani yake inaishia gotini. Nyingine ina ndevu ndefu, nyingine punje nyekundu. Mbegu za wenyeji katika nchi hii zina majina ya watu walioishi nazo: Shingo ya Mwali, Kula na Bwana, Moshi wa Sigara, Rangi Mbili. Lakini jina halitoshi. Vijiji viwili huweza kuita mbegu moja majina mawili, au jina moja likabeba mbegu mbili tofauti kabisa. Ndiyo sababu ya kukata majani: vinasaba ndivyo vinavyotuambia nani ni ndugu wa nani.

Sasa saa nne. Hapa naomba niseme taratibu, kwa sababu siku yangu yote ilikwamia hapa.

Mpunga hujichavusha wenyewe. Ua likifunguka, chavua yake imeshadondokea ndani. Ukitaka kuzalisha mchanganyiko wa aina mbili, lazima umhasi yule wa kike jana yake jioni: unakata ncha ya kila ua kwa mkasi mdogo, unaingiza kibano, unatoa vifuko vya chavua vyote sita bila kugusa kinachobaki, kisha unalivika suke mfuko wa karatasi. Kesho yake unasubiri jua. Masuke ya baba yakianza kufunguka, unayakung'uta juu ya mama. Chavua ya mpunga ikishatoka hudumu dakika chache tu, tano, labda kumi. Siku ya mawingu hufunguka kwa kuchelewa, siku ya jua kali inakukimbia. Kwa hiyo saa nne hadi saa sita sipokei simu, na maji nakunywa nikiwa nimesimama.

Jumanne hiyo ndipo akaja mfanyabiashara wa pembejeo. Getini walimruhusu, akanifuata mpaka kwenye ploti.

"Dada, habari za kazi? Nimefuata ile mbegu bora."

"Salama, kaka, karibu. Ila usivuke kamba. Mbegu ipi?"

"Iliyo bora kuliko zote. Si mnatafiti hapa?"

Nikamweleza kwamba mbegu iliyokwisha kuidhinishwa huuzwa na wazalishaji wa mbegu, na kwamba hapa tuna sampuli za gramu chache za kuzalishia nyingine. Akacheka. Akanyoosha kidole kwenye ploti iliyolala chini yote, ndefu, mavuno haba. "Na hili takataka mnalilea la nini? Si mngeng'oa mkabaki na moja nzuri?"

Suke la baba lilikuwa mkononi mwangu, linafunguka. Ningenyamaza. Lakini hilo swali ndilo kazi yangu yote, nikamjibu huku mikono inaendelea.

Nikamwambia: Ufilipino kuna mpunga wa mlimani unaoitwa Kinandang Patong. Wanasayansi walipata humo jeni ya kupeleka mizizi chini, na mwaka 2013 wakaonyesha kwamba mpunga wa kisasa wa mizizi mifupi, ukichanganywa nao, unastahimili ukame vizuri zaidi. Kutoka India kuna Kasalath, yenye jeni inayousaidia mpunga kupata fosforasi kwenye udongo maskini. Jeni hiyo imepotea katika aina nyingi za kisasa. Na hapa jirani Msumbiji kuna Gigante, ambayo kimyanga, ule ugonjwa wa virusi wa mpunga, hakiiwezi kirahisi. Kimyanga anakijua, kimeshawamaliza wateja wake. Mbegu hizo tatu zina walichokosa wengine. Hiyo iliyolala hapo bado hatujajua inacho nini, na tukiing'oa leo hatutajua kamwe.

Nilidhani ananisikiliza. Nikasikia karatasi inachanika.

Alikuwa amevuka kamba. Alitaka kuona "mmeficha nini humu ndani". Alishavua mifuko mitatu, na suke moja analipapasa kwa kidole gumba.

Sikupiga kelele. Nilimwomba arudi nyuma, nikayakata masuke yote matatu mbele yake. Akashangaa, "Mbona yamebaki vilevile, dada?" Yalibaki vilevile kwa macho, ndiyo. Lakini upepo ulikuwa unavuma, na kila ploti inayotuzunguka inamwaga chavua. Punje ikifunga hapo simjui baba yake. Nikiiandika kitabuni nitakuwa nimeandika uongo, na uongo huo utasafiri miaka minane au kumi, kizazi hadi kizazi, mpaka kwa mkulima. Kazi ya saa mbili za jana jioni, mgongo umepinda, ikaishia kwenye ndoo.

Aliomba radhi, nadhani kwa dhati. Akaondoka bila mbegu. Nilipogeuka, maua ya baba yalikuwa yameshafunga. Masuke tisa mengine niliyoyahasi hayakupata chavua siku ile.

Ugali na mlenda nilikula saa nane, au tisa, sikuangalia. Nikaingia stoo kukausha na kufunga sampuli: pima, andika namba ndani ya pakiti, andika tena nje, soma mara mbili. Baada ya pakiti ya hamsini namba zinaanza kucheza machoni, na hapo ndipo pakiti ya hamsini na moja huhitaji kusomwa mara tatu.

Kisha nikarudi shambani kuhasi upya, kwa sababu yule baba nilimpanda kwa awamu tatu ili maua yake yakutane na ya mama, na awamu ya tatu ndiyo hii, imebakiza masuke manne. Kesho au keshokutwa yanamaliza. Nikakaa kwenye kigoda, kibano mkononi, vifuko sita, ua linalofuata, vifuko sita. Mkono ulianza kutetemeka, nikausubiri utulie, maana ukigusa sehemu ya kike umeua ua. Mama wa kuamia alishuka kwenye dungu, akaja kunishikia mifuko bila kuombwa. Mifuko kumi na miwili. Kwenye kila mmoja nikaandika kwa penseli jina la mama, jina la baba, tarehe.

Giza lilinikuta njiani. Nimeoga, nimelala chali kwa sababu ya mgongo, na dirisha nimeliacha wazi kidogo nisikilize. Upande wa mlimani kuna ngurumo. Mvua ikinyesha sasa hivi ikakatika kabla ya alfajiri, jua litawahi, nami saa nne nitakuwa pale pale.