Siku moja na shokapu za mbele za pikipiki zinazovuja

Saa 2:00 asubuhi. Jeki iko chini ya injini, tairi la mbele linaelea. Nalegeza bolti za kibano cha juu, kisha kofia za shokapu, huku kibano cha chini kikiendelea kushika bomba la krome la shokapu. Bolti ya alen (ya tundu la pembe sita) iliyo chini ya mguu wa shokapu nailegeza kidogo sasa hivi, springi ikiwa bado inakandamiza fimbo ya ndani. Springi ikishatoka, fimbo huzunguka pamoja na bolti, na kuifungua ni kazi ya kukutoa machozi.

Kalipa, kishikio cha pedi za breki, naining'iniza kwa waya, kamwe si kwa mpira wake wa breki.

Saa 3:30. Kofia naifungua nikiikandamiza kwa kiganja, maana springi inasukuma. Oili chakavu inatoka ya kijivu, inameta: alumini iliyosagika. Natoa sili ya vumbi na klipu, kisha navuta bomba kwa mishtuo mpaka sili ya oili, mpira unaozuia oili isivuje, itoke.

Saa 5:00. Hapa ndipo sehemu kubwa ya siku yangu huishia. Wengi hubadilisha sili, na wiki mbili baadaye oili inachuruzika tena, kwa sababu kilichoichana bado kiko kwenye krome. Napitisha ukucha taratibu, juu hadi chini, pande zote. Unakwama: kinundu cha kutu kidogo kuliko punje ya mchanga. Msasa namba 1500 uliolowa oili, nasugua hapo tu, kufuata mzunguko wa bomba, mpaka ukucha upite. Kutu ikiwa imechimba shimo, hakuna ujanja, bomba libadilishwe.

Saa 8:00 mchana. Nafunika ncha ya bomba kwa mfuko wa plastiki uliopakwa oili, ukingo usikate mdomo wa sili mpya. Maandishi ya sili juu. Naigonga kwa kipande cha bomba la PVC hadi mfereji wa klipu uonekane wote. Bolti ya chini inapata wosha mpya ya shaba.

Saa 9:30. Oili ni ya uzito uliotajwa kwenye kitabu cha pikipiki, mara nyingi 10W. Springi ikiwa nje na bomba limeshuka hadi mwisho, napampu mara 10, nangoja viputo viishe, kisha napima kwa rula kutoka mdomo wa bomba hadi usawa wa oili. Miguu miwili ilingane. Oili ikizidi, nafasi ya hewa hubana, shinikizo hupanda shokapu ikibonyea, na sili husukumwa nje.

Saa 11:00 jioni. Nakaza nati ya ekseli, nashika breki na kubonyeza usukani mara kadhaa, ndipo nakaza bolti inayobana ekseli. Ukianza na hiyo bolti, miguu huvutana na shokapu hukwama. Pedi zilizolowa oili natupa, naweka mpya, napampu breki hadi iwe ngumu.