Kadi ya Shilingi Mia Tumboni mwa Gita

Binamu yangu alikuwa baharia. Novemba 2011 meli yake ilipofunga Kilindini, alikuja nyumbani Majengo na begi la nguo chafu, pakiti mbili za tende, na kijisanduku cha karatasi kinachoenea kiganjani. Nilikuwa nimempa dola 75 kabla hajasafiri. Kwa bei ya dola mwaka ule, hizo zilikuwa harusi mbili nzima za kupiga gita, na mke wangu hakulisahau hilo.

Ndani ya kisanduku mlikuwa na poti tatu, yaani vidhibiti vya kuzungusha vya volyumu na toni, swichi ya njia tano, kapasita moja ya rangi ya chungwa na tundu la jeki, vyote vimekwisha kufungwa waya na kulehemiwa na mtu wa Marekani nisiyemjua. Huo ndio moyo wa gita la umeme. Sauti ikitoka kwenye pikapu, zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba chini ya nyuzi, haina njia nyingine ya kufika kwenye amplifaya. Lazima ipite hapo.

Moyo wa gita langu ulikuwa unaumwa. Lilikuwa gita la Asia lililoiga umbo la Stratocaster, lile gita mashuhuri la Marekani, nimelinunua mkononi mwa mpigaji wa hoteli aliyekuwa anarudi kwao. Mombasa ni kisiwa na hewa yetu ina chumvi, na chumvi haiogopi plastiki. Kila nikigusa volyumu inakwaruza kama mchanga chini ya kiatu. Tena poti zake zilikuwa zile ndogo za redio, zimeandikwa B500K. B maana yake upinzani unapanda sawasawa kila unapozungusha, na sikio halisikii hivyo. Ukishusha toka kumi mpaka tano huoni mabadiliko makubwa, kisha huko chini sauti inaanguka kwa mpigo. Hiyo 500K nayo, yaani upinzani wa kilo-ohmu 500, kwa pikapu za koili moja ni nyingi, ukali wote unapita. Katika taarabu gita likiwa kali linagombana na fidla na tashkota, kile kinanda cha nyuzi chenye vifungo, na wa kunyamaza ni mpiga gita.

Zile mpya zilikuwa za kampuni ya CTS, A250K: A hupanda jinsi sikio linavyosikia, na 250 ni nusu ya ile 500. Mgongoni zimepigwa muhuri wa nambari inayoanza na 137, ambayo ndiyo alama ya kampuni hiyo, kisha mwaka na wiki ya kutengenezwa. Nilizipima kwa mita, moja ikasoma 231. Poti hizi huruhusiwa kupishana hata asilimia 20, kwa hiyo nilifurahi. Lakini furaha yenyewe ilikuwa kwenye vidole. Zilizunguka kwa ulaini wenye uzito ndani yake, hazilegei wala hazikwami, na ukiachia zinabaki pale pale ulipoziacha. Waya ulikuwa wa kuvikwa kitambaa, unausukuma kwa ukucha na shaba inachungulia yenyewe. Swichi iliingia kila njia kwa mlio mmoja mkavu. Niliiweka seti nzima juu ya meza nikaitazama jioni nzima kama mtu aliyeletewa saa. Madukani mwetu sikuwahi kuona kitu kama kile, na mpaka leo nasema kwa vifaa vyenyewe pesa yangu haikupotea.

Muuzaji alikuwa ameandika kwamba kazi yote imekwisha, ni kuweka tu.

Kwanza matundu. Kibao cha plastiki cha gita langu kilitobolewa kwa poti za milimita 8, na shingo za hizi ni kama milimita 9 na nusu. Alhamisi nzima nilikuwa na tupa ya mviringo, nikipanua tundu kidogo kidogo nisije nikakipasua kibao. Kisha vile vishikio vya kuzungushia: meno ya poti zangu za zamani na meno ya hizi hayalingani, nikalazimika kununua vingine. Kisha jeki. Ilikuja imelehemiwa kabisa, na ndani ya gita waya wake hupitia kijitundu kilichochimbwa kwenye mbao, ambacho jeki yenyewe haipiti. Ikabidi niibandue ile kazi nzuri ya watu, nipitishe waya, nilehemu upya mwenyewe. Ongeza waya sita za pikapu tatu, na waya mmoja wa athi, yaani wa ardhi, unaoshuka kwenye springi za nyuma. Nilizihesabu: sehemu tisa za kulehemu, katika kitu nilichokinunua ili nisilehemu.

Na mpango wake ulikuwa ule wa asili, ambao toni mbili zinahudumia pikapu ya mbele na ya kati, ile ya nyuma karibu na daraja haina toni. Ndivyo Stratocaster ilivyotoka 1954, na tangu hapo watu wengi wameinakili hivyo hivyo. Mimi pikapu ya nyuma ndiyo ninayofungulia nyimbo, na katika gita langu kuukuu mtu alikuwa ameihamishia toni. Fundi wa mbali alinirudisha kwenye gita ambalo si langu.

Hata hivyo Ijumaa usiku lilikuwa limekwisha. Nilikaza skrubu nne tu kati ya kumi na moja, nikachomeka, nikajaribu njia zote tano. Likalia. Likalia vizuri mno, kimya katikati ya noti, joto bila ukungu. Jumamosi asubuhi nikakaza zile saba zilizobaki, nikalipangusa, nikalitia begini.

Harusi ilikuwa Bondeni, wakati wa kaskazi, upepo unapeperusha mapazia ya turubai. Kina mama wamejaa mbele yetu, leso na udi, noti za shilingi mia zimekunjwa tayari kumtunza mwimbaji. Wimbo wa kwanza mlango naufungua mimi. Nikashusha swichi njia ya kwanza, ya pikapu ya nyuma peke yake, nikapiga.

Kimya.

Si kwamba ilikuwa ndogo. Haikuwepo. Nikaenda ya pili, kimya. Ya tatu ikalia, nikashika hapo, lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa na tashkota badala yangu. Mzee wetu wa tashkota hakunitazama. Aliuchukua ule mstari wangu kana kwamba tulikubaliana toka nyumbani, vidole vyake vikibonyeza vile vifungo kama vya taipureta, na mwimbaji akaingia. Wasiojua hawakujua. Mimi nilijua, na masikio yalinichoma nyimbo tatu.

Chakula kilipopakuliwa tulikaa uani, karibu na masufuria ya biriani. Nilikuwa nimeshahukumu: lehemu imeachia, wamenitumia kitu kibovu.

"Ami, hawa watu wameniibia," nikamwambia.

Mzee aliramba kidole, akaosha mikono, akaja kuketi kando yangu. Tashkota yake alikuwa akiitengeneza mwenyewe miaka yote, toka sumaku mpaka waya.

"Mwanangu, njia ya pili inasema?"

"La, ami. Ya kwanza na ya pili kimya. Tatu, nne, tano nzima."

"Hiyo ya pili inachanganya zipi?"

"Ya nyuma na ya kati."

"Basi waya wa ya nyuma ungekatika, ya kati si ingelia peke yake?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshika swichi ile siku tatu na swali hilo halikunijia.

"Haukukatika huo," akasema. "Unagusa. Mahali fulani unagusa athi, na ukiuchanganya na mwenzake unamzamisha na yeye. Leta bisibisi."

Tulilegeza nyuzi. Akafungua skrubu za upande wa swichi, akainua ukingo wa kibao, akamulika kwa simu. Ndani kote nilikuwa nimepabandika karatasi ya bati ya jikoni miaka miwili nyuma, kupunguza mvumo wa stima, maana umeme wetu wa hetsi 50 hauiachi pikapu ya koili moja ipumue. Bati ile imeungana na athi, na ndivyo inavyotakiwa. Swichi yangu ya zamani ilikuwa fupi. Hii ya Marekani ni ya wazi na ina kina, na mwili wa gita langu ni mwembamba. Kwa skrubu nne kibao kilikuwa kimeinuka kidogo. Kwa skrubu kumi na moja kilishuka, na jino la chini kabisa la swichi, ambalo ndilo la pikapu ya nyuma, likalalia bati. Niliona alama yake: kikwaruzo kidogo kinachong'aa, urefu wa punje ya mchele.

Mzee alipapasa mfuko wa kanzu, akatoa kadi ya simu ya shilingi mia iliyokwisha kukwaruzwa. Akaikunja mara moja, akaisukuma chini ya swichi, juu ya bati, akaifungia kwa kipande cha utepe. Tukakaza skrubu, tukalehemu kwa maneno tu, "bismillahi", tukachomeka. Njia ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Nilikaza nyuzi upya huku mkono unatetemeka, na mlango wa wimbo wa nne niliufungua mimi.

Wiki iliyofuata nililipeleka kwake Kibokoni. Alichukua kijiti cha meno akavuta kila waya wa ile seti taratibu, mmoja baada ya mwingine. Zote zilishika isipokuwa mmoja: waya wa athi mgongoni mwa poti ya toni ulitoka bila hata kuvutwa sana. Mgongo wa poti ni chuma kipana, kinakunywa joto. Asiyesubiri kipate moto, lehemu inakaa juu yake kama tone la nta bila kushikana nacho. Tone lenyewe lilikuwa zuri, la mviringo, safi kuliko yangu yote tisa. Ningelifungia gitani nikaliamini miaka. Alilirudia, na kwa kipande cha waya kisichozidi kidole akaihamishia pikapu ya nyuma toni yake.

"Zile poti zako kuukuu u nazo?" akaniuliza nilipokuwa naondoka.

Zilikuwa mfukoni mwa begi. Nilimpa bila kufikiri. Mwezi wa Januari nilimkuta barazani na tashkota mapajani, imechomekwa kwenye amplifaya ndogo. Aliniambia niketi. Alikuwa ameipulizia moja ya zile poti dawa ya kusafishia viungo vya umeme, akaizungusha mara mia, akaitia kwenye tashkota. Alipiga mstari wangu, ule wa mlango, na huku anapiga akashusha volyumu mpaka chini, akaipandisha tena. Nilitega sikio nisubiri ule mchanga. Haukuwepo.