Nilivyoacha Kahawa Bila Kuumwa Kichwa

Kilichonirudisha kwenye kahawa kila nilipojaribu kuiacha ni maumivu ya kichwa, ambayo kwa kawaida huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, kwa sababu mishipa ya damu ya ubongo iliyozoea kubanwa na kafeini, kile kichangamshi kilichomo kwenye kahawa, hutanuka. Safari hii nilipunguza kidogo kidogo, nikichanganya kahawa ya kawaida na ile iliyoondolewa kafeini, hadi ya kawaida ikaisha kabisa. Ile ladha chungu ya kahawa, ambayo ndiyo hasa niliitamani, niliipata kwenye mzizi wa mmea uitwao chikori uliokaangwa na kusagwa, usio na kafeini. Ukichemshwa polepole hutoa rangi nyeusi na harufu ya kuungua kidogo. Chai ya tangawizi naipenda sana, ila ninainywa jioni, kwani asubuhi ukali wake hauniridhishi.