Ndugu Wawili wa Alabama, Nikiwa Katuba

Umeme ukikatika hapa Katuba, Lubumbashi, huwa ninawasikiliza kwenye simu Alton na Rabon Delmore, ndugu wa Alabama, Marekani, ambao mwaka 1933 walianza kuimba redioni katika kipindi cha Grand Ole Opry, Nashville. Hawakupaza sauti; waliimba kwa upole, huku Rabon akipiga gitaa dogo la nyuzi 4, ambalo mlio wake mwembamba hupenya juu ya gitaa la kaka yake kama mdogo anayemkatiza mkubwa bila kumvunjia heshima. Everly Brothers, ndugu wengine wawili waimbaji wa Marekani, walifuata njia hiyo. Rabon alifariki mwaka 1952, mwaka uleule ambao Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa kwetu Katanga, alirekodiwa kule Jadotville, yaani Likasi ya leo. Nami, kwa upendeleo wa nyumbani, vidole vya Mwenda bado naviweka mbele.