Baada ya 52

Binti yangu amepakua pateni ya gauni, yaani karatasi za kukatia nguo, kutoka intaneti, ameunganisha makaratasi kwa selotepu sebule nzima, halafu ananiuliza: "Mama, namba za saizi zinaishia 52. Aliyezidi hapo anavaa nini?" Nikamwambia swali hilo ni la bibi yake. Bibi siku hizi simu haisikii vizuri, kwa hiyo nimebaki nalo mimi.

Ngamiani, Tanga, 1996, harusi ya kaka. Sare ilikuwa kile kitenge cha kijani chenye maua makubwa, mliokuwepo mnakijua. Shangazi kashuka kutoka Pangani na pisi yake ya yadi 6 kwapani, na moyo wake umeshatua kwenye gauni moja katika jarida la mitindo la Kijerumani aliloliazima mama. Dera hataki. Anataka lile lile, lenye kiuno. Jedwali la jarida lilikoma 52, kifua sentimita 122.

"Pima, wifi," akasema, "lakini usitaje."

Mama akapitisha tepu mgongoni, akaileta mbele, akaibana kwa kucha ya dole gumba, kisha akanigeuzia upande wenye namba. Karani nilikuwa mimi, darasa la sita, sakafuni na penseli. Nikasoma kimya, nikaandika pembeni mwa karatasi ya kaki yenye pateni: 131. Shangazi alikuwa anatazama dari, mishipa ya shingo imemsimama.

"Toa pumzi, wifi. Nguo hii utaivaa huku unapumua."

Hakutoa. Mama naye hakuvuta tepu wala hakuilegeza, alisubiri tu. Baba akabeba redio yake akahamia barazani bila kuambiwa na mtu. Mwishowe pumzi ikatoka kwa mkupuo, tepu ikajisogeza yenyewe chini ya kucha, na mama akanigeuzia tena. Nikafuta, nikaandika 136. Tulipofika nyonga, tepu yetu ya sentimita 150 ilikaribia kuisha.

"Imefika?" shangazi akauliza, bado macho darini.

"Imefika na imebaki," mama akajibu, kwa fahari utadhani tepu kaitengeneza yeye.

Zilibaki sentimita mbili.

Kazi yenyewe ilikwenda haraka. Gauni la shangazi la Idi lilikuwa limeongezwa ubavuni tu na fundi mmoja wa huko kwao, likapanda mbele na kuanika magoti, nyuma likaburuza. Mama alisema mwili hauongezeki ubavuni peke yake. Kutoka 122 hadi 136 ni sentimita 14; kila kipande cha pateni ni robo ya mwili, kwa hiyo kinadai 3 na nusu. Akachukua mkasi akapasua kipande cha mbele kuanzia pindoni, akapita kifuani, akasimama karibu kabisa na bega, akaacha uzi wa karatasi unaoshikilia. Akaifungua ile pasuo kama mlango: kifuani sentimita 2, pindoni zaidi, begani sifuri. Ile moja na nusu iliyobaki ndiyo ikaenda ubavuni. Kisha akakata kwa mlalo kifuani, akashusha kidogo ili mbele pasipande tena. Mapengo tukayaziba kwa gazeti na gundi ya unga wa ngano. Shingo hakuigusa. "Mtu akinenepa," aliniambia, "mabega hayatoki nje ya mlango."

Shangazi alicheza hadi alfajiri. Picha ipo, kiuno kinaonekana.

Asubuhi yake akaomba ile karatasi. Mama akanikonyeza nifute namba kwanza. Nilifuta, ila penseli kwenye kaki haifutiki yote, na nina hakika shangazi aliona, maana aliikunja pembe ile kwa ndani.

Mwaka uliofuata alirudi nayo. Ilikuwa imepata viraka vingine vya magazeti, gundi tofauti, pasuo zisizo zetu. Nusu ya majirani zake walikuwa wameipitia. Namba yangu ilikuwa imekatwa, na mahali pake mtu kaandika kwa kalamu ya wino, herufi kubwa: 144. Shangazi aliitandika mezani mbele ya wageni.

"Wifi, kumbe kule mwembamba ni mimi!"

Watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Mimi sikujua nicheke au nimtazame baba. Mama alikuwa ameshavaa miwani, kidole kiko juu ya kiraka kipya.

"Huyu nani kaongeza begani?"