Flash ya buku mbili

Leo nimepita Kariakoo kujaziwa nyimbo kwenye flash, buku mbili tu unapewa nyimbo mia na kitu, mi nafanya hivyo miaka yote na sijawahi hata kuwaza.

Dogo akapiga dansi moja ya zamani kucheki kama inasoma. Pembeni yangu kuna mzee kasimama, vidole vyake vikaanza kutembea juu ya mfuko wa dawa, vinafuata solo bila kukosea.

"Hilo gitaa napiga mimi," akasema taratibu.

Akauliza bei. Akanyamaza.

Sheria ya hakimiliki tuliyonayo ni ya tangu 1999 jamani, na kwenye buku mbili yangu yule mzee hapati hata mia!

Vile vidole bado naviona.

Nyie nyimbo mnazipataje? Mnalipa? Semeni ukweli.