Bana juu ya tundu, si kwenye tundu

Ushauri ninaousikia bado wodini kuhusu mgonjwa aliyetoka kwenye upasuaji wa tundu dogo, yaani aliyepitishiwa mrija kwenye ateri ya paja, ni uleule: lundika gozi (kitambaa cha kufungia kidonda), kandamiza pale damu inapotoka, kisha weka mfuko wa mchanga. Nimekaa na kazi hii muda wa kutosha kusema wazi kwamba ushauri huo ndio unaowavimbisha watu mapaja.

Sindano huingia kwenye ateri ya paja kwa mshazari, kama nyuzi 45. Kwa hiyo tundu la ngozi na tundu la ateri hayakai sehemu moja. La ateri liko juu zaidi, kuelekea kitovuni, kwa sentimeta 1 hadi 2, na kwa mtu mnene hata zaidi. Ukikandamiza tundu la ngozi, damu inaacha kuonekana nje huku ateri ikiendelea kuvuja ndani ya nyama. Gozi linabaki jeupe, kila mtu anaridhika, na baadaye paja linakutwa limejaa na limekuwa gumu.

Mimi naweka vidole vitatu juu ya mpigo wenyewe, cha kati kikiwa kama sentimeta 2 juu ya tundu la ngozi. Tundu la ngozi naliacha wazi, bila gozi, kwa makusudi. Hilo ndilo dirisha langu. Damu ikichuruzika pale, najua vidole vimekosea mahali, basi nasogeza kidogo juu au pembeni mpaka ikome. Siongezi nguvu. Nguvu nyingi mahali pasipo sahihi zinamuumiza mgonjwa tu, na zinakuchosha wewe kabla dakika 10 hazijafika.

Kabla ya kuvuta shithi, yaani mrija mfupi uliobaki kwenye ateri, heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) iwe imeshuka: kipimo cha ACT, cha muda ambao damu huchukua kuganda, kiwe chini ya sekunde 170 hivi. Pasipo na kipimo hicho, kumbuka heparini hupungua nusu kwa muda wa saa moja hadi moja na nusu, kwa hiyo subira ni dawa. Namba ya juu ya presha iwe chini ya 160, la sivyo unapigana na pampu. Mgonjwa akojoe kwanza. Kitanda kiinuliwe mpaka kiunoni mwako ili ubane kwa uzito wa mwili, mikono ikiwa imenyooka. Laini ya dripu iwe inapita, na atropini, dawa ya kuongeza mapigo ya moyo, iwe tayari kwenye bomba la sindano, si kabatini.

Atropini ni kwa sababu maumivu ya kinena huamsha neva ya vagasi. Mapigo yanashuka, presha inaanguka, jasho jembamba linamtoka mgonjwa. Mara nyingi hutanguliwa na miayo, na mgonjwa anayepiga miayo wakati unambana sidhani ana usingizi. Legeza mkono kidogo bila kuachia, inua miguu, fungulia dripu, na daktari akiagiza toa atropini miligramu 0.5 hadi 1. Ganzi kidogo kuzunguka shithi kabla ya kuivuta huzuia mengi ya haya.

Muda: dakika 3 kwa kila namba ya French, kipimo cha unene wa shithi, ni kadirio zuri, yaani kama dakika 20 kwa shithi namba 6. Dakika 2 au 3 za mwanzo nabana kwa nguvu, kisha napunguza mpaka mpigo wa juu ya unyayo uhisike tena. Mguu unahitaji damu, na damu inayopita pale ndiyo inayoleta chembe za kuziba tundu. Usichungulie dakika ya 5 kuona kama imekoma. Ukichungulia unang'oa donge changa, na saa inaanza upya kutoka sifuri.

Sasa mfuko wa mchanga. Uzito wake unatawanyika kwenye paja zima wala hautafuti ateri. Tafiti zilizolinganisha zimeonyesha haupunguzi kuvuja wala uvimbe, ila unaongeza maumivu ya mgongo. Kibaya zaidi, unafunika. Plasta ndogo angavu inatosha, ili anayepita aone. Uvimbe ukianza, chora mpaka wake kwa kalamu, rudi kubana, na mjulishe daktari. Napima presha, mapigo, kinena na unyayo kila dakika 15 saa ya kwanza, kisha kila nusu saa. Mguu unyooke muda wa saa 4 hadi 6, kichwa kisizidi nyuzi 30.

Kinena kikavu hakimaanishi usalama. Ateri ikitobolewa juu sana, damu huenda nyuma ya tumbo: mgonjwa analalamika mgongo au ubavu, mapigo yanapanda, presha inashuka, na paja halina kitu. Huyo anahitaji daktari, damu na picha ya CT haraka. Uvimbe unaodunda siku zinazofuata unahitaji ultrasaundi, si barafu.

Njia ya mkononi, yaani kupitisha mrija kwenye ateri ya mkono badala ya paja, ambayo daktari wa moyo wa Kanada Lucien Campeau aliitangaza mwaka 1989, imetupunguzia mengi, na mgonjwa anaweza kuketi papo hapo. Lakini mkanda wa hewa unaofungwa mkononi kubana tundu hilo nao una kosa lake: kujazwa na kuachwa. Naujaza mililita 15 hivi, natoa shithi, napunguza hewa mpaka tone la damu litokeze, kisha narudisha mililita 1 au 2. Halafu naweka kipimo cha oksijeni kwenye kidole gumba cha mkono huohuo na kubana ateri ya upande wa kidole kidogo. Wimbi la mapigo kwenye kipimo likipotea, ateri iliyo chini ya mkanda imezibwa kabisa na inaweza kuganda moja kwa moja. Napunguza hewa hadi wimbi lirudi bila damu kutoka. Bomba la sindano la kujazia mkanda liende na mgonjwa wodini, limebandikwa kwenye faili, kwa maana bomba la kawaida halikusaidii. Mkanda wenyewe ni ghali, ila paja lililojaa damu ni ghali zaidi.

Siku ya kuruhusiwa namwambia mgonjwa asibebe ndoo wala mzigo kwa wiki moja, na akikohoa ashike kinena. Damu ikitoka akiwa nyumbani, alale chali, abanwe juu ya tundu bila kuachia, na apelekwe hospitali akiwa bado anabanwa. Namwita ndugu aliyekuja naye, namwonyesha mpigo ulipo, na natia alama ya kalamu.